Siku moja maishani mwangu: betri ya mashine ya Hajati

Kabla ya saa 1 asubuhi huwa nimeshafungua karakana yangu hapa Katwe, Kampala, kwa sababu mafundi wa jirani wakianza kugonga mabati siwezi tena kusikia mlio wa mita yangu ya kupimia umeme. Kazi ya leo ilikuwa betri ya akiba ya mashine ya kutotolesha vifaranga niliyomtengenezea Hajati mmoja wa Wakiso: sanduku la mbao lenye feni ya kompyuta kuukuu na balbu mbili za breki za gari, wati 21 kila moja, zinazowashwa na kuzimwa na kidhibiti joto. Mayai ya kuku hukaa humo siku 21 katika joto la nyuzi 37.5 hivi, na umeme ukikatika usiku kucha, jasho la wiki mbili linaweza kupotea.

Saa 2 nilianza kupima seli 36 nilizozitoa ndani ya betri mbovu za laptopu. Nilikuwa nimezijaza hadi volti 4.2, kisha nikaziacha wiki mbili, maana seli inayopoteza chaji yenyewe haijulikani siku ya kwanza. Nne zilikuwa zimeshuka chini ya volti 4, nami nikazipaka rangi nyekundu. Ya tano ilisoma vizuri, lakini karibu na ncha yake chanya palikuwa na doa la kutu na harufu tamu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, dalili kwamba kimiminika cha ndani kinavuja. Hiyo niliipeleka nje mara moja.

Saa 4 Hajati alifika, akaziona zile nyekundu.

"Mwanangu, hizi si bado zina moto? Zitie tu, bei ipungue."

Sikutaka kubishana naye. Niliunganisha moja na chaja, na baada ya robo saa nikamwomba aiguse, kisha aguse nzima iliyokuwa ikichajiwa kando yake. Ya kwanza ilikuwa ya moto, ya pili vuguvugu.

"Basi fanya unavyojua, fundi," alisema.

Hadi saa 8 nilikuwa nikiunganisha seli 30, makundi matatu ya kumi kumi, kwa tepe za nikeli. Silehemu kwa risasi, kwa kuwa joto lake huidhuru seli. Huzichomelea kwa mkondo mkali wa transfoma ya maikrowevu, ambayo niliiondolea koili yake ya volti zaidi ya 2,000, koili inayoua, nikaizungushia waya mnene mara mbili tu. Tepe niliyoijaribu kwa koleo ilichanika ikaacha vipande vyake kwenye seli, nami nikaridhika kwamba imeshika.

Saa 10 nilifunga kibao cha ulinzi, kinachozuia betri kuchajiwa au kutumika kupita kiasi, nikachomoa mashine ukutani. Kwa hesabu yangu betri ina karibu wati-saa 200, yaani saa tisa ikiwa balbu zinawaka nusu ya muda.

Saa 2 usiku Hajati alipiga simu kuuliza kama sanduku bado lina joto. Nilichungulia kwenye kioo nikamsomea: 37.6.