Mkrismasi au mjakaranda kwenye kiwanja cha Dodoma

Ukuta wangu wa upande wa mashariki una kiraka cha saruji kirefu kama mkono wa mtu mzima. Hapo ndipo mzizi wa mkrismasi ulipopita. Kila mwaka mvua zikikaribia, majirani zangu wa hapa Nzuguni huniuliza swali lilelile: mama, nipande upi, wa maua mekundu au wa zambarau? Huwa nawapeleka kwanza kwenye kile kiraka, halafu ndiyo tunakaa kuongea.

Tulipopata kiwanja mwaka 2010 kilikuwa na vichaka viwili vya miiba na kichuguu kimoja. Mita 20 kwa 30, na hakuna kivuli cha kumtosha hata kuku. Januari 2011 nilinunua mche wa mkrismasi kando ya barabara, nikauchimbia shimo hatua mbili tu kutoka kwenye ukuta, maana nilitaka maua yamwagikie njiani wapita njia wayaone.

Ule mti ulikuwa na haraka. Mwaka wa tatu ulishanizidi kimo mara mbili, na Disemba 2016 ukatoa maua yake ya kwanza. Nakumbuka niliokota ua moja chini nikaligeuzageuza mkononi. Petali nne ni nyekundu tupu, ya tano imesimama peke yake, nyeupe iliyoingiliwa na manjano, ina madoadoa mekundu kana kwamba mtu amekung'uta brashi ya rangi juu yake. Mti huu asili yake ni Madagaska, na kwetu umepewa jina la sikukuu kwa sababu ndipo unapowaka. Krismasi ile watoto walikula pilau chini yake, maua yakiwadondokea kwenye sahani.

Ufa niliuona mwaka 2020. Nikadhani ni msingi, nikamwita fundi. Akauzunguka ukuta, akatoka nje, akainama, akagonga kitu kwa mwiko wake. "Mama, mimi nitaziba, lakini mwenye ufa wako ni huyu hapa." Mzizi mnene kama paja la mtoto ulikuwa umejilaza juu juu ya ardhi, umeingia chini ya tofali. Ndivyo mizizi ya mkrismasi ilivyo: haichimbi sana kwenda chini, inatambaa kufuata unyevu, na Dodoma unyevu wa kiangazi uko wapi kama si kwenye karo na chini ya bomba linalovuja? Mwaka uliofuata, ule upepo wetu wa Agosti ukavunja tawi likaangukia banda la kuku. Matawi yake ni mepesi kukatika, hasa pale shina lilipogawanyika mara mbili likiwa bado dogo. Mwaka 2022 tuliukata. Sikutoka nje siku hiyo hadi msumeno uliponyamaza.

Mbao hatukupata. Ni mti laini, wadudu wanauwahi kabla haujakauka. Kilichotufaa kwa miaka yote ile ni yale maganda yake, marefu kuanzia vidoleni hadi kupita kiwiko na magumu kama ubao. Yakikauka watoto wanayatikisa kama kayamba, na mimi nayatumia kuwashia moto wa kuni. Ndani kila mbegu ina chumba chake, imelala kwa mlalo, ngumu kama kokwa ya tende.

Ugumu huo unawasumbua wengi. Wananiambia, "Nilifukia mbegu kumi, haikutoka hata moja." Chemsha maji, yaepue, yaache yapoe kidogo, mimina juu ya mbegu, acha mpaka asubuhi. Zilizovimba zipande siku hiyohiyo. Zilizobaki vilevile zirudie, au zikwangue kidogo kwa kikatia kucha upande usio na jicho, zipate mahali pa kunywea maji. Ndani ya wiki moja hadi mbili utaona shingo ya kijani inanyanyua udongo.

Mbegu za mjakaranda ni habari nyingine kabisa. Dada yangu anayekaa Arusha, ambako barabara nzima hugeuka zambarau, aliniletea maganda sita kwenye bahasha. Ganda lake ni la duara, bapa, kingo zimekunjamana, nalo likikauka linapasuka kama kobe anayefungua mdomo. Nilipofungua la kwanza sebuleni, feni ilikuwa inazunguka. Mbegu zikaruka zote, maana kila moja ina bawa jembamba kuliko karatasi ya sigara. Tuliziokota kwenye makochi. Hizi hazitaki maji ya moto hata kidogo. Loweka kwenye maji ya kawaida kutwa moja, zitandaze juu ya udongo laini kwenye viriba, zifunike kwa udongo mwembamba, weka kivulini, na subira ya wiki mbili tatu.

Nilipanda mche wangu Disemba 2012, mita sita kutoka nyumbani. Na hapa lazima niseme ukweli, mjakaranda Dodoma unataka kulelewa. Mvua zetu kwa mwaka wa kawaida hazifiki milimita 600, zinaanza mwishoni mwa Novemba au Disemba na zikikata Aprili zimekata. Mkrismasi ukiumwagilia kiangazi kimoja unajitafutia wenyewe. Mjakaranda niliumwagilia viangazi vitatu, dumu moja la lita 20 kila baada ya siku nne, na siku ambazo maji ya bomba hayakutoka, ulikunywa maji ya kuoshea mboga. Nilifukia pia chupa mbili za lita moja na nusu zikiwa zimepinduliwa, kifuniko kimetobolewa kwa sindano, ili maji yachuruzike taratibu kule kwenye mizizi badala ya kukaushwa na jua juu ya ardhi.

Shimo la miti yote miwili ni lilelile: sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, uchimbe Septemba kwa sururu kwa sababu chini ya huu udongo wetu mwekundu kuna tabaka gumu linalolia kama bati. Usipolivunja, mzizi utafika pale ugeuke. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, ile mbichi inaunguza na inaita mchwa. Na usifunike shina kwa nyasi kavu kama wanavyofundisha watu wa mikoa yenye mvua. Hapa nyasi kavu ni karamu ya mchwa, wakimaliza nyasi wanahamia kwenye mche. Mimi naweka changarawe kuzunguka, na majivu kidogo karibu na shina.

Maua ya kwanza ya mjakaranda nilisubiri hadi Oktoba 2021, karibu miaka tisa. Nilikuwa nafagia nikaona kitu cha zambarau kwenye vumbi, nikafikiri ni karatasi ya pipi. Ua lake ni kama kikombe kirefu, linaanguka zima bila kuchanika, na wajukuu wanavisha vidole vyao vyote kumi. Asubuhi na mapema nyuki wanaingia mle ndani mpaka miguu inapotea. Kasoro yake ni gata. Maua yanaanguka majuma machache kabla ya mvua, kwa hiyo usiposafisha gata, maji ya kwanza yanaingia kwenye tangi yakiwa na rangi ya chai.

Jambo lingine: usikate kichwa cha mjakaranda. Jirani aliukata wake juu ili usiguse waya, ukatoa fimbo nyingi zilizosimama wima kama ufagio, na umbo lake halijarudi mpaka leo. Mkrismasi ndio unaotaka kupogolewa, tena ungali mdogo: acha shina moja hadi litakapopita kichwa cha mtu mrefu, ndipo uuruhusu utanuke.

Chini ya mkrismasi hakikuota kitu, si mchicha, si figiri, wala majani ya kawaida. Chini ya mjakaranda napanda mchicha wa kula nyumbani, kwa kuwa majani yake madogo madogo yanapitisha mwanga. Na mti wake ni mwepesi wa kuchonga. Tawi nililolipunguza lilitoa mipini miwili ya visu na mwiko wa ugali ambao bado ninao.

Lakini anayetaka kivuli namshika mkono. Oktoba na Novemba, jua la Dodoma likiwa kali kuliko miezi mingine, miti hii yote miwili iko karibu uchi. Mjakaranda umepukutisha majani ndipo uchanue, mkrismasi ndiyo kwanza unaanza kuyarudisha. Mimi Oktoba nakaa chini ya mwarobaini, nikiutazama mjakaranda. Kwa hiyo kiwanja cha kawaida kinataka mwarobaini mmoja wa kukalia na mjakaranda mmoja wa kutazama, huo wa pili usipungue mita tano kutoka ukutani. Mkrismasi usiupande kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30. Ni mti wa uwanja wa shule, wa kanisa au msikiti wenye eneo, mahali ambapo mwavuli wake unaweza kutanuka mita kumi bila kugusa ukuta wala karo.

Kabla ule wa kwangu haujakatwa nilichuma maganda manne. Mche mmoja uliotoka humo tulipanda Januari 2023 pembeni ya uwanja ambapo vijana wa mtaa wanacheza mpira, tukauzungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Golikipa wa upande ule ndiye anayeumwagilia kabla ya mazoezi. Jumamosi iliyopita nilipita kuupima kwa mkono: shina limenyooka, halijagawanyika, na umeshanipita.