Jakuzi la mama, wiki ya tatu: tumeshuka kutoka kwenye slabu

Wazo la kuliweka jakuzi, yaani beseni kubwa la kukaa ndani ya maji ya moto, juu ya slabu ya gereji tumeliacha. Lita moja ya maji ni kilo moja, na jakuzi la watu wanne ninalolitaka linabeba lita 1,000. Hiyo ni tani nzima kabla mtu hajaingia. "Kaka, nondo za hapa hazikusukwa kwa mzigo huo," fundi akaniambia. Basi litakaa chini, nyuma ya jiko, mbali kidogo na mwembe ili majani yasizibe chujio.

Mradi huu ni wa magoti ya mama. Upepo wa kusi ukianza, asubuhi za huku Goba, Dar es Salaam, zinamkaza hadi ashikwe mkono kwenda msalani. Daktari wake amekubali maji ya moto, ila yasizidi nyuzi 38, akae dakika 15 tu, na apimwe presha kwanza.

Katika aina za jakuzi, la kujaza upepo nililitoa mapema. Bei ni nafuu, lakini kuta zinabonyea, na mama hana pa kushika anapovusha mguu.

La mbao ndilo lililonipa shida kuliacha. Keko nilionyeshwa mtiki mkavu, mbao zinazofungwa kwa mikanda ya chuma kama pipa. Zikilowa zinavimba na kuziba zenyewe. Zuri mno. Ila likikaa tupu wiki kadhaa mbao zinasinyaa na maji yanavuja, na mgao wa maji huku tunaujua. Tena ni refu, la kupanda kwa ngazi.

La zege na vigae lingejengwa na mafundi wa mtaani, na vidato ningeviweka nipendavyo. Tatizo ni ardhi: usipozungushia kizuia joto, udongo unalinyonya usiku kucha. Kupasha lita 1,000 kutoka nyuzi 26 hadi 38 kunakula kama uniti 14 za umeme, kwa hita ya kilowati 2 ni saa saba. Sitaki kuanza upya kila siku.

Kwa hiyo ni la faibaglasi, lenye povu la kuhifadhi joto ubavuni, tulizamishe nusu kwenye shimo lenye mfereji wa kutolea maji na nafasi ya fundi kufikia pampu. Mfuniko mzito ni lazima, kwa joto na kwa mbu pia. Maji yakipoa na kusimama wazi ni mazalia, na dengi ya 2019 hatujaisahau.

Moja lililotumika Marekani karibu nilinunue. Kibao cha pampu kilisema hezi 60, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, pampu ingezunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita. Nikaliacha.

Jana nilipanga matofali kufikia kimo cha kidato, sentimita 15. Mama akaja na mkongojo wake, akapanda, akashuka, akarudia.

"Hapa naweza, mwanangu."

Shimo tunaanza Jumanne.