Nilivyoliunganisha tena trekta baada ya kubadilisha klachi

Trekta letu ni Massey Ferguson 135, injini ya Perkins ya silinda 3, na ndilo linalolima shamba la familia hapa Babati. Lilipoanza kunguruma bila kuvuta jembe, nilijua klachi, kile kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, imekwisha. Trekta hili halina chesisi kama gari; injini na giaboksi ndiyo mwili wenyewe, kwa hiyo ukitaka kuifikia klachi unalitenganisha vipande viwili. Kutenganisha tulimaliza asubuhi moja. Kuunganisha kulituchukua siku mbili.

Tulifanyia kazi kwenye sakafu ya saruji ya kuanikia mahindi, na namshukuru Mungu kwa sakafu ile. Giaboksi tuliilaza juu ya stendi za chuma. Nusu ya mbele ilibebwa na magurudumu yake pamoja na jeki ya magurudumu chini ya injini, na kipande cha mbao katikati ili sampu, bakuli la oili chini ya injini, isibonyee. Kabla ya yote hayo nilipigilia kabari za mbao pande zote mbili juu ya ekseli ya mbele. Ekseli ile inacheza kwenye pini yake. Usipoweka kabari, injini ikishaachana na giaboksi inaweza kulala ubavu na kumuua mtu.

Klachi yetu ina pleti mbili, moja ya mwendo wa trekta na nyingine ya pitio (PTO), yaani shafti ya nyuma inayoendesha mashine, na shafti zake ni mbili, moja imepita ndani ya nyingine. Kwa hiyo pleti zote mbili lazima zikae katikati kabisa. Nilimwendea seremala akanichongea kijiti cha mninga chenye ngazi tatu: ncha iingie kwenye beringi ya flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, ngazi ya pili ishike pleti moja, ya tatu ishike nyingine. Sikukichomoa mpaka bolti zote za klachi zilipokazwa. Meno ya shafti niliyapaka grisi kidogo sana, kwani ikizidi inarukia pleti na klachi mpya itateleza.

Tuliweka bolti mbili ndefu zilizokatwa vichwa, moja kila upande, ziwe njia, tukasukuma. Injini ikaja vizuri, kisha ikagoma.

“Kaka, tukaze bolti, zitavuta zenyewe,” mdogo wangu akasema.

“Weka spana chini kwanza.”

Bolti za kufungia injini na giaboksi kazi yake ni kushika. Ukizivutia wakati meno hayajakutana, unapinda pleti au unapasua ganda la giaboksi. Nilichukua rula nikapima pengo: juu milimita 14, chini 19. Maana yake injini ilikuwa imelalia nyuma. Nikapandisha jeki kidogo kidogo, nikipima kila mara, mpaka rula ikasoma sawa juu, chini, kushoto na kulia. Giza likatukuta hapo.

Asubuhi tuliingiza gia ili shafti ya mwendo isizunguke. Nikatia spana kwenye nati ya puli ya mbele nikaizungusha injini polepole huku mdogo wangu akisukuma gurudumu. Ikaingia kama milimita 8, ikasimama tena. Hapo nikajua shafti moja imeingia, bado ya pitio. Nikaingiza wenzo wa pitio, nikaenda nyuma, nikaishika shafti yake kwa mkono na kuizungusha taratibu. Nilihisi meno yanagusana, yanaachana, halafu “tok”, na pengo lote likafunga. Bolti ya kwanza niliipachika kwa vidole vitupu.

Jioni tuliliwasha likiwa limefungwa mashine ya kupukuchua mahindi. Nikakanyaga pedali nusu: trekta likasimama, mashine ikaendelea kuzunguka. Nikakanyaga mpaka chini, na mashine nayo ikatulia. Mdogo wangu alikuwa ameshakwenda kuleta gunia la kwanza.