Modeli yangu ilikuwa inachungulia majibu

Jumapili

Nimerudi kwenye mradi wangu wa kuifundisha kompyuta isome ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, iseme ni ya kawaida au si ya kawaida. Msimu wa korosho ukifika, duka langu la steshenari hapa Mikindani halipumui: kudurufu vitambulisho, kuchapa barua, picha za pasipoti, watu mpaka mlangoni. Leo nimefunga saa nane mchana, nikageuza feni inielekee, nikafungua Orange.

Orange ni programu ya bure ya kompyuta ya mezani, imetengenezwa Chuo Kikuu cha Ljubljana, Slovenia. Unaburuta vidude kwenye skrini na kuviunganisha kwa mistari, kama fundi umeme anavyotoa waya kwenye swichi kuupeleka kwenye taa. Kidude kimoja kinasoma jedwali, kingine kinachagua safu, kingine kinafundisha modeli, yaani programu inayojifunza kukisia jibu kutokana na mifano. Kwa mtu asiyependa kuandika msimbo wa kompyuta kama mimi, ni neema.

Data yangu ni PTB-XL, iliyowekwa wazi mwaka 2020 kwenye PhysioNet, tovuti ya data za kitabibu. Ni rekodi 21,799 za ECG kutoka kwa wagonjwa 18,869, zilizochukuliwa kati ya 1989 na 1996. Kila rekodi ni sekunde 10 kwa lidi 12, yaani moyo unatazamwa kutoka pande 12, na ina ripoti fupi. Nimechukua toleo la Hz 100, yaani vipimo 100 kwa sekunde: namba 1,000 kwa kila lidi, 12,000 kwa rekodi nzima. Lipo pia la Hz 500, ila kwa memori ya GB 8 tusidanganyane.

Mawimbi yenyewe niliyasoma kwa Python, lugha ya kuandikia programu, nikitumia zana zake zinazoitwa wfdb, nikapima mapigo kwa dakika, nafasi kati ya pigo na pigo, urefu wa mawimbi na upana wa QRS, ule mchomo mkali wa katikati. Hapo kwenye upana pananiuma kichwa. QRS ya kawaida haifiki milisekunde 120, na kwa Hz 100 nukta moja ni milisekunde 10. Mchomo mzima basi una nukta zisizofika 12. Ukikosea nukta mbili tu, mzima anaonekana mgonjwa. Ni kupima dagaa kwa rula isiyo na milimita.

Jumatano, usiku

Kichekesho cha wiki: grafu ya umri ilinionyesha wagonjwa wa miaka 300. Nikadhani nimeharibu jedwali, nikalipakia upya mara mbili. Kumbe waliozidi miaka 89 wote wameandikiwa 300 makusudi, wasije wakatambulika. Nimewaweka wote 90, nikaendelea.

Ripoti nyingi ni za Kijerumani. Sikijui, lakini baada ya ripoti mia hivi unaanza kukizoea: "sinusrhythmus normales ekg", mdundo wa kawaida, ECG ya kawaida. Nimezipitisha kwenye kidude cha kapu la maneno, kinachohesabu neno lipi limetokea mara ngapi, nikaziunganisha na vipimo vya mawimbi. Swali kwa modeli: rekodi hii ni ya kawaida, au si ya kawaida?

Alama ya AUC, inayopima modeli inavyotenganisha za kawaida na zisizo za kawaida (1 ni bila kosa), ikagonga karibu na 1. Kwa jaribio la kwanza! Nilimpigia shemeji saa nne usiku. Yeye ni muuguzi, na mradi huu ulianza kwa ubishi wetu wa sikukuu, niliposema ECG ni vilima na mabonde tu, kompyuta ya dukani itayasoma.

"Hiyo ripoti iliandikwa kabla ya kupima au baada?" akauliza.

"Baada, shem. Wanaandika walichokiona."

"Sasa shem, umeshika cheti cha daktari mkononi halafu unajisifu umeujua ugonjwa?"

Nikanyamaza. Nikaenda kukata mstari wa mawimbi, nikaacha maandishi peke yake. Alama haikutikisika. Yale mawimbi niliyoyahangaikia wiki nzima, modeli haikuwa hata na haja nayo. Imeona "normales ekg", imefunga kitabu.

Jumamosi

Nimekutana na wizi wa pili. Wapo wagonjwa wenye rekodi zaidi ya moja, na mimi nilikuwa nawachanganya ovyo: mtu yuleyule yupo kwenye mafunzo, yupo na kwenye mtihani. Waandaaji wa data walishaliona hili, wameigawa katika mafungu 10 na mgonjwa mmoja hakai mafungu mawili. La 9 ni la kurekebishia, la 10 la mtihani. Safu yake ipo kwenye jedwali tangu siku ya kwanza, mimi niliifuta nikidhani haina kazi.

Mpango mpya: maandishi yabaki darasani, yasiingie chumba cha mtihani. Nimezigawa ripoti katika mada 10 kwa kidude cha mada, kinachokusanya maneno yanayopenda kutokea pamoja na kusema kila ripoti ina uzito gani wa kila mada, kisha nikafundisha modeli ndogo 10, kila moja ikikisia uzito wa mada yake kwa kutazama mawimbi tu. Makisio hayo ndiyo yanayotoa jibu la mwisho. Kwenye fungu la 10, ripoti hazisomwi kabisa.

Umeme ulikatika modeli ya saba ikiwa katikati. Nimejifunza kuhifadhi kila hatua.

Matokeo ya leo yameshuka sana, na kwa mara ya kwanza nayaamini. Rekodi za kawaida ni 9,514, kwa hiyo anayejibu "si ya kawaida" kila mara, macho kayafumba, anapata karibu asilimia 56. Yangu inampita huyo, ila haijampita kwa mbali. Inapokosea zaidi ni kwenye upana wa QRS, palepale pa rula. Shemeji anakuja Jumapili. Nitamwekea michoro 20 iliyokosewa anionyeshe mchomo unaanzia wapi na kuishia wapi. Amesema atakuja, lakini kwanza pweza awe tayari mezani.