Siku Tisa za Sifuri

Juzi usiku kitindamimba wangu aliniita chumbani kwake kwa sauti ya mtu aliyekamata mwizi. Nilimkuta amesimama juu ya kitanda, simu yangu mkononi imewashwa taa, anamulika ukuta.

"Mama, huyu ameinua mkia. Mwalimu alisema anayeinua mkia ndiye wa malaria. Ni yeye?"

Nilimfunika yule mbu kwa glasi, nikapitisha karatasi chini yake, nikamweka kwenye friza mpaka akatulia. Kisha tukamlaza juu ya karatasi nyeupe, mwanangu akaleta ile lenzi yake ya kukuzia. Jike. Miguu ina vidoa. Nikainama zaidi, na ghafla nilikuwa nimerudi kwenye meza niliyojifunzia kutambua mbu, bondeni Kilombero.

Ilikuwa masika ya 2014, ng'ambo ya Mto Kilombero. Nilikuwa na wiki ya pili tu kwenye kazi ya utafiti wa mbu. Kila alfajiri mitego ya taa ilishushwa kutoka kwenye nyumba walimolala watu, mbu wakauawa kwa klorofomu na kumwagwa kwenye sahani nyeupe mbele yangu. Kazi yangu ilikuwa kuwatenganisha kwa jamii zao: Anopheles, ambao ndio waenezao malaria, huku, Culex kule, Mansonia pale. Anopheles waliingia kwenye vichupa vyenye silika, chembe zinazofyonza unyevu, ili wakauke wasioze. Waliobaki walihesabiwa, wakaandikwa, wakachomwa shimoni.

Gambiae, kundi mojawapo la Anopheles, nilikuwa nimewazoea. Miguu yao ina madoadoa kama iliyonyunyiziwa unga, na ukitazama bawa, doa jeusi la tatu limekatwa na mwanya mweupe. Niliwaokota upesi upesi, mia, mia mbili, na nilijiona nimeshaiva.

Siku ya kumi Mzee wetu wa maabara alipita nyuma yangu. Alikuwa akitenganisha mbu tangu mimi sijaanza shule. Alisimama kwenye sahani ya wale wa kutupwa, akachukua kibano, akamwinua mmoja.

"Mwanangu, huyu umemwandika nani?"

"Culex, Mzee."

Hakunibishia. Alimweka chini ya darubini, akarekebisha mwanga, akaniachia kiti.

Niliona mbu mdogo, mweusi, amelala ubavu. Miguu yake ilikuwa myeusi mpaka nchani, haina hata doa moja, na hiyo ndiyo iliyonidanganya. Nilikuwa nimeanzia miguuni kwa sababu miguu ndiyo ilikuwa rahisi.

"Mdomo kwanza," akasema. "Miguu baadaye."

Jike la Culex lina vipapasio vifupi, vijinundu viwili tu kwenye shina la mrija wa kufyonzea. Huyu mrija wake ulionekana mnene. Mzee aliingiza ncha ya kibano taratibu, mkono hautetemeki, na ule mrija mmoja ukafunguka ukawa vitu vitatu: mrija katikati, na vipapasio viwili vyenye urefu uleule vilivyokuwa vimelala sambamba nao. Juu ya kila kipapasio kulikuwa na pete tatu nyeupe. Halafu akalikunjua bawa. Magamba yalikuwa yamepangana kama makuti ya paa, meusi, na kwenye ukingo wa mbele yakakatizwa na vidoa vya rangi ya maziwa, kimoja baada ya kingine. Nilisikia mvua juu ya bati. Nilisikia pumzi yangu inagonga kioo cha darubini.

"Funestus," nikasema.

"Funestus," akaitikia. Naye ni Anopheles, na hueneza malaria.

Tuliipekua sahani yote. Walikuwa kumi na mmoja. Wale wa siku tisa zilizotangulia walikuwa majivu tayari.

Nilitaka anigombeze. Badala yake alivuta kiti akanisimulia habari za Pare, za miaka ya 1950, walipopuliza dieldrin, dawa ya kuua wadudu, ndani ya nyumba. Funestus walitoweka, lakini mbu waliofanana nao wakaendelea kuonekana, tena wakaongezeka. Ilibidi watu wakae kama tulivyokaa sisi, watazame, mpaka ikajulikana kwamba wale waliobaki ni rivulorum, ndugu yake funestus ambaye hupenda zaidi ng'ombe kuliko mtu. "Asiyewatofautisha," Mzee akasema, "angeandika kwamba dawa imeshindwa."

Kisha akanipa daftari na kalamu nyekundu. Nilipiga mstari kwenye safu ya funestus, siku tisa, nyumba zote. Sifuri, sifuri, sifuri. Mkono ulikwama kwenye nyumba ya bibi mmoja aliyekaa pembeni kabisa mwa kijiji, karibu na bwawa lenye nyasi ambalo halikauki, na funestus hupenda maji ya namna hiyo. Kila jioni tulipotundika mtego alinipa karanga za kuchemsha kwenye kawa. Kumi na mmoja wale, saba walitoka kwake.

Sisemi sifuri zangu zilimdhuru. Sijui. Lakini utafiti uliofanyika baadaye bondeni kulekule ulionyesha kwamba katika baadhi ya vijiji, mtu aking'atwa mara kumi na mbu wenye vimelea, karibu mara tisa ni funestus, ingawa gambiae na jamaa zake ndio wanaojaa kwenye sahani. Niliposoma hivyo niliikumbuka kawa ya karanga.

Asubuhi ileile nilimuuliza Mzee kuhusu sahani ya gambiae. Nilijua ndani yake kuna ndugu wawili: gambiae mwenyewe, anayemfuata mtu mpaka ndani, na arabiensis, anayeweza kunywa damu ya ng'ombe na kung'ata nje watu wakiwa bado barazani, kabla chandarua hakijashushwa. Alama gani inawatenga?

"Hakuna," akasema. "Hapo macho yanaishia."

Alinifundisha kunyofoa mguu mmoja, mmoja tu, na kuutia kwenye kichupa chenye namba. Kipimo cha vinasaba kingesema kilichobaki. Majibu yalirudi baada ya wiki kadhaa: karibu wote arabiensis. Nilikuwa nimewashika kwa kibano mmoja mmoja, na sikuwa nimewajua.

"Mama?" Mwanangu alikuwa bado anangoja, daftari limefunguliwa.

Nilimwonyesha vipapasio. Tulivitenganisha kwa sindano ya kushonea, na mkono wangu haukuwa mtulivu kama wa Mzee. Nikamwambia ni Anopheles, kundi la gambiae.

"Kwa hiyo ni wa malaria?"

"Anaweza kuwa. Wako ndugu wanaofanana, na mimi siwezi kukuambia huyu ni yupi."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Alifikiri kidogo, akaurudia mguu kwa lenzi. Kisha akaandika kwa herufi kubwa, akifuta na kurudia, na nilipokuwa nachomeka chandarua chini ya godoro alikuwa bado anahesabu vidoa.