Mlimau wangu hauumwi

Kila anayeingia bustanini kwangu hunionea huruma kwa ajili ya mlimau. Majani yametobolewa, mengine yamebaki mshipa wa kati tu. Wananishauri dawa. Hauumwi, nawaambia, hao ni viwavi na wamo kwa ridhaa yangu. Halafu wageni hao hao, tukishakaa kidogo, huniuliza vipepeo nawapata wapi wakati wao wana maua mengi kuliko mimi. Jibu limesimama pale pale, na majani yake yaliyoliwa.

Bustani ya maua matupu ni kama mgahawa wa njiani: kipepeo anapita, anakunywa, anakwenda zake. Anayerudi ni yule aliyepata pa kutaga, na jike hatagi ovyo. Mtazame anavyoufikia mlimau. Anatua, anapigapiga jani kwa miguu ya mbele, anaruka, anajaribu jani jingine. Hapo anaonja, maana miguu yake ina vihisio vya ladha. Jani lisipokuwa la jamii anayoitaka, anaondoka hata kama pembeni kumejaa maua. Akiridhika anakunja tumbo na kubandika yai moja la mviringo, la manjano iliyopauka, dogo kuliko kichwa cha pini.

Kwa Afrika mgeni huyo huwa Papilio demodocus. Asia wana ndugu yake, Papilio demoleus, mwenye tabia hizo hizo. Kiwavi wake akiwa mdogo ni wa kahawia iliyokolea mwenye baka jeupe mgongoni, na ukimwona utaapa ni kinyesi cha ndege. Ndiyo kinga yake hiyo. Akikua na kuambua gamba kwa mara ya nne anageuka kijani na kupotea kabisa machoni. Mguse kidogo kwa ncha ya jani: nyuma ya kichwa huchomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali ya kufukuzia sisimizi. Haziumi. Watoto wakishaonyeshwa hilo mara moja, basi, kila jioni wako mlimauni.

Maua nayo yanahitajika, sikatai. Ila chagua yale ya petali za safu moja. Yale yaliyozalishwa yakajaa petali juu ya petali hupendeza macho yetu, lakini mara nyingi nekta, yale maji matamu ya ua, ni haba au kipepeo hafikii kwa mrija wake. Lantana huwavuta sana, lakini sipandi: katika nchi nyingi ni gugu linalovamia mashamba na misitu, na ndege hulisambaza.

Baadhi ya mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, ile ambayo wengi huing'oa, ndiyo makao ya Danaus chrysippus, yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na nyeupe. Viwavi wake hula sumu ya mmea na kuihifadhi mwilini, ndege akimjaribu mmoja hamrudii. Hapo ndipo panapochekesha: jike wa Hypolimnas misippus, asiye na sumu, amevaa sare ile ile. Usibishane na mtu kabla hujaangalia bawa la nyuma. Danaus ana vidoa vyeusi vitatu au vinne kuelekea katikati. Mwigaji ana kimoja tu, kwenye ukingo wa mbele.

Kuwatazama hakuhitaji vifaa, kunahitaji kujua saa inayofaa. Kipepeo hawezi kuruka vizuri mpaka misuli yake ipate joto la karibu nyuzi 30, kwa hiyo asubuhi utamkuta ametandaza mabawa juani. Msogelee polepole, kivuli chako kisimwangukie. Mchana kutwa jua likiwa kali utaambulia kuwaona wakikatiza tu. Nina pia sinia la mchanga wenye unyevu na chembe za chumvi; wanaokusanyika hapo karibu wote ni madume, wanafyonza madini ambayo baadaye humpa jike wakati wa kupandana.

Maria Sibylla Merian, aliyesafiri hadi Suriname, Amerika ya Kusini, mwaka 1699 kuchora wadudu, alikuwa na mazoea ya kumchora kiwavi juu ya mmea anaokula. Ningependa wauza miche waige. Kibandiko kinasema ua linavuta vipepeo, hakisemi watoto wao watakula nini.

Kuhusu dawa nina neno moja tu: hata ile ya bakteria, Bacillus thuringiensis, inayosifiwa kuwa ya asili, kazi yake hasa ni kuua viwavi. Huwezi kuipulizia na kuwasubiri vipepeo. Nyigu wadogo nao watataga ndani ya baadhi ya viwavi, na hao watakufa. Siingilii, nyigu naye ana nyumba.

Mlimau mkubwa huchipua tena bila shida. Mche mchanga ndio wa kuangalia, viwavi wachache tu wanaweza kuumaliza. Wakizidi, kata jani kiwavi akiwa juu yake ukamweke kwenye mchungwa au mdimu. Usimpeleke mwembeni kwa kuwa nao una majani mengi, atakufa njaa.