Kuipatia mwaka kumbukumbu ya dansi: kwa wanaohoji wazee wa Arusha na Moshi

Ukikaa na wazee wa Kaloleni, Ngarenaro au Majengo ya Moshi, mazungumzo yakigeukia bendi za dansi za zamani utasikia mambo matatu yakisemwa kwa uhakika uleule: nani alipiga solo usiku ule, watu walivaa nini, na ilikuwa mwaka gani. Mawili ya kwanza yaamini. La tatu lichunguze. Mtu aliyekesha ukumbini aliondoka na sauti ya tarumbeta kichwani, ila hakuwa na sababu yoyote ya kushika mwaka. Mwaka ameuweka baadaye, kwa kuhesabu kutoka alipooa au alipoajiriwa, na hapo ndipo miaka mitano hupotea bila mtu kugundua.

Mfano wa hapahapa Arusha. Utamkuta mzee anayesema aliwaona Simba Wanyika mjini mwaka 1970. Vijana humcheka, kwa kuwa wanaijua bendi hiyo kama ya Kenya. Mzee hajakosea sana. Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, walikokuwa na Jamhuri Jazz, wakaja Arusha mwaka 1970 na kuunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walihamia Mombasa, na huko ndiko jina la Simba Wanyika likazaliwa. Kwa hiyo mzee aliwaona watu walewale kabla hawajawa na jina hilo. Unapoandika, weka vyote viwili: jina alilolitaja, na jina ambalo bendi ilikuwa nalo wakati huo. Usimsahihishe kwenye maneno yake mwenyewe. Sahihisho liandike pembeni.

Majina ya bendi ndiyo kalenda nzuri kuliko zote, kwa sababu bendi nyingi zilimilikiwa na taasisi, na taasisi zilibadilika kwa tarehe zinazojulikana. Bendi ya jumuiya ya wafanyakazi, NUTA, ilianza kama NUTA Jazz mwaka 1964. Jumuiya yenyewe ilipogeuka JUWATA mwaka 1978, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Ikaja OTTU mwaka 1991, na baadaye jina likabaki Msondo Ngoma peke yake. Mlimani Park ilianza 1978, lakini DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, waliichukua mwaka 1983. Basi anayekumbuka ngozi ya dramu kubwa imeandikwa DDC hazungumzii 1979, hata akiapa.

Mtindo unasaidia pia. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake na iliutangaza jukwaani usiku kucha: Msondo kwa NUTA na warithi wake, Sikinde kwa Mlimani Park, Saboso kwa Western Jazz, Kiweke kwa Atomic ya Tanga, Segere Matata kwa Tabora Jazz, Kamanyola kwa Maquis, Pambamoto kwa Vijana Jazz. Watu husahau jina la bendi lakini mtindo hawausahau, maana waliuchezea. Kwa hiyo uliza "mlicheza mtindo gani?" kabla ya kuuliza "bendi gani?" Tahadhari moja: bendi ilibadilisha mtindo pale ilipotaka kuonekana mpya, hivyo mtindo mmoja hauigusi historia yote ya bendi husika.

Baada ya hapo wapitie wanamuziki. Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa. Kumbukumbu ya Mbaraka akiwa na Morogoro Jazz ina ukomo wa 1973, na kumbukumbu yoyote ya Mbaraka jukwaani mwaka 1981 ni ya mtu mwingine aliyepiga nyimbo zake, jambo lililokuwa la kawaida. Remmy Ongala aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 akaanzia Orchestra Makassy. Kwa hiyo Remmy na Matimila, bendi aliyohamia baadaye, ni habari ya miaka ya 80. Muhiddin Gurumo ni mgumu zaidi: alikuwa NUTA na JUWATA, akawa Mlimani Park, mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound, na mwishowe akarudi Msondo. Sauti yake pekee haikupi mwaka. Muulize mzee nani aliitikia pembeni yake.

Halafu kuna alama za huku kwetu ambazo mtu wa Dar hawezi kuzitumia. Bendi za safari zilipenda kuja Kilimanjaro wakati wa fedha za kahawa, na mzee wa Moshi hukumbuka malipo kuliko tarehe. Akisema "wiki ile KNCU walikuwa wametulipa", yaani chama kikuu cha ushirika wa kahawa, umepata kitu kikubwa: vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa katikati ya miaka ya 80. Dansi hilo ni la kabla au la baada. Haliwezi kuwa la 1980. Kwa Arusha alama kama hiyo ni Namanga. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa Februari 1977 na kufunguliwa 1983. Santuri nyingi za bendi zetu zilichapwa Nairobi, kwa hiyo anayekumbuka kununua santuri mpya iliyoletwa kwa basi kutoka Nairobi siku chache kabla ya dansi yuko nje ya miaka hiyo, isipokuwa kama kulikuwa na njia za panya, na zilikuwepo. Nguo nazo zina neno. Bugaluu na viatu vya raizoni ni miaka ya 70. Ukumbi uliojaa nguo za mitumba unaangukia zaidi baada ya biashara kulegezwa mwaka 1984.

Kosa linaloharibu mahojiano mengi ni kuchanganya redio na ukumbi. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi studio na kuzipiga kila siku; mtu aliusikia wimbo mara mia redioni na mara moja jukwaani. Miaka 40 baadaye hizo mara mia zimeifunika ile moja. Namna ya kuzitenganisha ni kumwimbisha. Akikuimbia solo nota kwa nota kama ilivyo kwenye rekodi, hiyo ni redio. Ukumbini wimbo ulirefushwa: sehemu ya kuimba ilipoisha, chemko, yaani sehemu ya kuchezea, liliendelea kadiri watu walivyotaka kucheza, mpiga solo akabadilisha, mwimbaji akataja majina ya waliotunza. Mzee akikumbuka jina la mtu wa mtaani kwake likitajwa katikati ya wimbo, hapo umefika ukumbini.

Kuhusu mahojiano yenyewe nitakuwa mfupi. Salimia kwa shikamoo, kaa, usitoe simu haraka. Omba ruhusa ya kurekodi na uombe tena mwishoni kama unaweza kumsikilizisha mtu mwingine rekodi hiyo. Weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza tupu, maana kila kikombe kitakachowekwa mezani kitasikika kama mlango unaobamizwa. Iweke kwenye hali ya ndege, la sivyo simu ikiingia katikati inaweza kukatiza rekodi. Usimtajie majina. Ukimtaja mwimbaji, ukauliza "alikuwepo Bitchuka?", utajibiwa ndiyo. Uliza waimbaji walisimama wangapi, wa upuliziaji walikuwa upande gani, mlango wa kuingilia ulikuwa wapi, kiingilio kilikuwa kiasi gani na kama mwanamke alilipa sawa na mwanamume. Na tafadhali wahoji kina bibi. Waandishi wa dansi wamewasahau mno, wakati wao ndio wanaokumbuka nani alikuja na nani, na kwa hiyo mwaka.

Sasa kaseti, maana hapa ndipo mali ilipo na ndipo watu wanapoiharibu.

Nyumba nyingi bado zina kaseti zilizorekodiwa ukumbini kwa redio kaseti iliyowekwa mezani karibu na spika. Ukikabidhiwa moja, usiichomeke popote kwanza. Angalia vile vijimeno viwili vya plastiki mgongoni: kama vipo, vivunje, ili asiyejua akibonyeza kitufe cha kurekodi asifute. Kisha tazama katikati ya uwazi wa mbele, nyuma ya utepe, kama kile kipande cha felti kipo. Gundi yake hukauka na kikaanguka. Utepe hukosa kukandamizwa kwenye hedi, yaani kichwa cha deki kinachosoma utepe, na sauti inakuwa nzito na kupotea-potea. Wengi hudhani kaseti imekufa. Haijafa: fungua skrubu tano, hamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine nzima. Ganda lililogundishwa bila skrubu lipasue kwa kisu kwenye mshono, taratibu.

Safisha hedi ya deki kwa kijiti cha pamba na spiriti yenye nguvu, asilimia 90 au zaidi ukiipata. Ile ya 70 ina maji mengi, basi subiri ikauke kabisa. Gurudumu la mpira lifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Spiriti ikirudiwa huukausha mpira. Peleka kaseti mbele hadi mwisho na uirudishe kabla ya kuicheza, kwa sababu utepe uliolala miaka mingi hushikana. Kama unakwama au unalia, acha. Kaseti ya C-120, yaani ya dakika 120, ina utepe mwembamba mno. Ipe deki yako bora au usiicheze kabisa. C-60 ndiyo imara.

Ikicheza kwa sauti iliyofifia kama inatoka chini ya blanketi, tatizo huwa ni pembe ya hedi. Mashine iliyorekodi haikulingana na yako. Kuna skrubu ndogo kando ya hedi: weka alama ilipo, izungushe robo mzunguko kwa robo huku ukisikiliza matoazi ya dramu, simama yanapong'aa zaidi. Ukimaliza irudishe.

Toa sauti kwenye tundu la laini, si la spika za masikioni kama lipo jingine, uingize kwenye kompyuta kupitia kifaa cha sauti cha USB. Tundu la maikrofoni la kompyuta mpakato huzidiwa na kukwaruza hata ukipunguza. Acha kilele kiishie karibu na desibeli 6 chini ya ukomo. Hifadhi WAV ya 44.1 kHz, biti 16: stereo hula takriban megabaiti 10 kwa dakika, hivyo C-60 nzima ni kama megabaiti 600. Redio kaseti ya zamani yenye maikrofoni moja ilirekodi mono, na mono ni nusu ya hapo.

Kasi ndiyo mtego wa mwisho. Betri zikiwa zimechoka, utepe ulikwenda polepole wakati wa kurekodi. Leo ukiucheza kwa kasi sahihi ya sentimita 4.76 kwa sekunde, bendi inakimbia na waimbaji wana sauti za watoto. Usikisie. Tafuta mvumo wa umeme uliopenya kutoka kwenye vyombo vya ukumbi. Umeme wetu ni hezi 50. Pima mvumo huo kwenye programu ya Audacity. Ukiukuta kwenye 53, kaseti inakwenda kasi kwa asilimia 6, ambayo ni nusu toni, kwa hiyo punguza kasi kwa asilimia 5.7. Kwanza simamisha utepe usikilize: mvumo ukibaki, ni wa vifaa vyako na haukuambii lolote. Na kama ukumbi uliendeshwa kwa jenereta, mvumo utayumba. Hapo linganisha na rekodi ya studio ya wimbo uleule.

Usikate maneno kati ya nyimbo. Wasafishaji wengi hubakiza muziki tu, wakati mtangazaji wa bendi anayesema "kesho tutakuwa Moshi, Jumapili Same" amekupa safari nzima ya wiki. Faili ghafi libaki lilivyo. La kusikiliza liwe nakala. Lipe jina lenye bendi, mji, mwaka unaoudhania na alama ya kuuliza pale usipo na hakika, kisha kaseti yenyewe irudishe kwa mwenyewe pamoja na nakala kwenye flashi, kwa sababu wajukuu wake hawana deki.